Upotoshaji Kabla ya Kusaini Mkataba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akisema "nilidanganywa kwenye mkataba", anaweza kuwa na maana tatu zilizo mbali sana. Yuko aliyeambiwa uongo kabla hajasaini. Yuko aliyepewa ahadi ndani ya mkataba, ikavunjwa. Na yuko ambaye hakuambiwa neno, akajijazia mwenyewe. Ukurasa huu ni wa yule wa kwanza, ingawa wale wawili watapita mara mojamoja. Kesi nyingi zinazotajwa ni za Uingereza, maana huko ndiko kanuni hizi zilikofinyangwa kesi baada ya kesi, na mahakama za nchi nyingi zilizorithi mfumo huo bado zinazitumia.

Upotoshaji ni nini hasa?

Ni kauli ya uongo kuhusu jambo la hakika, iliyotolewa na upande mmoja kwa mwingine kabla ya kufunga mkataba, ikamfanya huyo mwingine akubali kuufunga.

Kipande cha mwisho ndicho wengi hukiruka. Watu huja na ushahidi mzito kwamba waliambiwa uongo, lakini ukiwauliza uongo huo uliwafanya wafanye nini, wanasita. Mimi huanza na swali moja: dakika ile unashika kalamu, nini kilikuwa kichwani mwako, na nani alikiweka humo? Ukilijibu vizuri hilo, mengine mengi yanajipanga.

Lazima awe alikusudia kunidanganya?

Hapana. Upotoshaji upo wa aina tatu, na tofauti yake ni hali ya moyo wa msemaji, si ukubwa wa uongo.

Wa kwanza ni wa hila. Kipimo chake kiliwekwa mwaka 1889 na Baraza la Malodi, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, katika kesi ya Derry dhidi ya Peek. Kampuni ya tramu (mabehewa ya abiria yanayopita kwenye reli za mjini) ya Plymouth ilitoa waraka wa kualika watu wanunue hisa, ikisema ina haki ya kuendesha tramu kwa mvuke badala ya farasi. Kweli ilikuwa kwamba haki hiyo ilitegemea kibali cha Bodi ya Biashara ya serikali. Wakurugenzi walidhani kibali ni suala la kugonga muhuri tu. Kilikataliwa, kampuni ikafa, na Peek aliyenunua hisa akawashitaki. Akashindwa, kwa sababu walichosema walikiamini. Hila, mahakama ikasema, ni pale mtu anaposema jambo akijua ni uongo, au bila kuliamini, au bila kujali kama ni kweli au si kweli. Hilo la tatu lishike. Anayesema "sijui, lakini mwambie ndiyo" yumo ndani ya hila sawasawa na aliyepanga uongo wake usiku kucha. Uzembe peke yake, hata uwe mkubwa, haufiki huko.

Wa pili ni wa uzembe: msemaji aliamini, lakini hakuwa na sababu ya maana ya kuamini. Baada ya Derry, mtu wa namna hii aliponyoka fidia kwa zaidi ya miaka 70. Mlango ulifunguliwa mwaka 1963 kwa kesi ya Hedley Byrne, na ukapanuliwa zaidi na Sheria ya Upotoshaji ya Uingereza ya mwaka 1967. Sheria hiyo iligeuza mzigo: ukishaonyesha kwamba kauli ilikuwa ya uongo, ikakufanya usaini, ukapata hasara, yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu za msingi za kuiamini mpaka siku ya mkataba.

Mzigo huo si mwepesi. Mwaka 1978, katika kesi ya Howard Marine, meneja aliulizwa matishari yao yanabeba uzito gani. Akajibu tani 1,600, akitegemea rejesta ya meli ya Lloyd's, ambayo ni chanzo kinachoheshimika duniani. Rejesta ilikuwa imekosea. Uzito wa kweli ulikuwa tani 1,055, na namba hiyo ilikuwa kwenye nyaraka za meli ambazo kampuni yake yenyewe ilikuwa nazo ofisini. Mtu mkweli kabisa, na bado kampuni yake ikawajibika.

Wa tatu ni upotoshaji usio na kosa, ambapo msemaji aliamini na alikuwa na kila sababu ya kuamini. Hapa mkataba bado unaweza kutenguliwa, ila fidia huipati kama haki yako.

Muuzaji alisema "hii ni mashine ya nguvu, hutajuta." Nimejuta. Nina kesi?

Huna. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sheria inajua kwamba kila mwenye bidhaa ataisifia. Sifa za jumla ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu angezichukulia kama taarifa haziingii. Lakini angalia jinsi kauli inavyoanza kupata meno kadiri inavyopata namba na tarehe. "Inakula mafuta kidogo" ni sifa. "Inakwenda kilomita 18 kwa lita moja" ni taarifa, na taarifa inapimika.

Alisema "kwa maoni yangu". Maoni nayo yanashitakiwa?

Kwa kawaida maoni ya kweli hayashitakiwi, hata yakitokea kuwa mabaya. Mwaka 1927 Baraza la Faragha, mahakama ya London iliyosikiliza rufaa za himaya ya Uingereza, liliamua rufaa kutoka New Zealand, Bisset dhidi ya Wilkinson. Muuzaji wa ardhi alisema anaamini ardhi ile ingelisha kondoo 2,000. Haikuweza. Lakini ardhi haikuwahi kutumika kwa ufugaji wa kondoo, na mnunuzi alilijua hilo. Pande zote mbili zilikuwa zikikisia. Kauli ikahesabiwa maoni.

Sasa geuza hali. Mwaka 1884 muuzaji wa hoteli alimsifia mpangaji aliyekuwa akiikodi kuwa mpangaji wa kutamanika mno. Ukisoma haraka, hayo ni maoni. Ila muuzaji alijua kwamba mpangaji huyo alikuwa anachelewesha kodi na kulipa kwa kusukumwa. Mahakama ikasema: pale ambapo mmoja anajua undani na mwingine hajui, maoni ya anayejua yamebeba ndani yake taarifa nyingine, kwamba hajui jambo lolote linalopingana na maoni hayo. Mpangaji akafilisika, na muuzaji akashindwa kumlazimisha mnunuzi.

Kwa hiyo neno "nadhani" si mwavuli. Uliza anayedhani alikuwa anajua nini.

Na ahadi za baadaye? "Tutajenga barabara hapa mwakani."

Ahadi isiyotimizwa si uongo kwa sababu tu haikutimia. Inakuwa uongo kama siku anaitamka hakuwa na nia nayo. Katika Edgington dhidi ya Fitzmaurice, 1885, wakurugenzi walikopa kwa umma wakisema fedha zitatumika kupanua biashara, kumbe shida yao ilikuwa kulipa madeni yaliyowabana shingoni. Jaji Bowen akatamka maneno yanayonukuliwa mpaka leo, kwamba hali ya akili ya mtu ni jambo la hakika kama ilivyo hali ya mmeng'enyo wa chakula tumboni mwake. Ni vigumu kuithibitisha, alikiri, lakini ikithibitika ni hakika kama hakika nyingine.

Kesi hiyohiyo ina somo la pili. Mlalamikaji alikiri kwamba alikopesha pia kwa sababu ya kosa lake mwenyewe: alifikiri mkopo ule una dhamana ya mali ya kampuni. Haikumwangusha. Uongo wa mwenzako si lazima uwe sababu pekee ya wewe kusaini. Unatosha ukiwa mojawapo ya sababu za kweli.

Hakusema uongo wowote. Alinyamaza tu. Je?

Hili ndilo swali linaloumiza watu zaidi, na jibu lake la kwanza halipendezi: ukimya peke yake si upotoshaji. Muuzaji halazimiki kukutajia kasoro za mali yake. Usipouliza, ukauziwa mbuzi kwenye gunia, gunia ni lako.

Lakini ukimya wa kweli ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi kuna kitu kilisemwa, na kilichonyamaziwa kinakipindisha.

Kwanza kuna nusu ya ukweli. Ukisema jengo lina wapangaji kamili huku ukijua wote wameshatoa notisi ya kuhama, kila neno ulilotamka ni sahihi na jumla yake ni uongo. Kuna pia kauli iliyokuwa kweli ikaacha kuwa kweli. Mfano wake bora ni With dhidi ya O'Flanagan, 1936. Mwezi Januari 1934 daktari aliyetaka kuuza kliniki yake alisema inaingiza pauni 2,000 kwa mwaka, na ilikuwa kweli. Kisha akaugua. Wagonjwa wakahamia kwingine mmojammoja, na hadi Mei, mkataba uliposainiwa, mapato yalikuwa yameporomoka hadi kama pauni 5 kwa wiki. Hakuna aliyemwambia mnunuzi. Mahakama ikasema kauli ile ya Januari iliendelea kusema kila siku mpaka siku ya kusaini, na mwenye kuitoa alipaswa kuisahihisha. Mkataba ukatenguliwa.

Halafu kuna vitendo. Mwaka 1998 kundi la muziki la Spice Girls lilikuwa likiingia mkataba wa matangazo na Aprilia, watengenezaji wa pikipiki za skuta wa Italia. Wasanii wote watano walishiriki katika kutengeneza tangazo, ilhali walijua kwamba mwenzao Geri Halliwell alikuwa ameshasema anataka kuondoka. Hakuna aliyesema "hatuachani". Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema kushiriki kwao wote watano kulitosha kuwa kauli kwamba hawajui jambo la namna hiyo. Mwili ulisema kile ambacho mdomo haukusema.

Bima ni dunia nyingine. Tangu mwaka 1766, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, jaji Lodi Mansfield alisema kwamba anayeomba bima anajua mambo ambayo mwenye kampuni hawezi kuyajua, kwa hiyo azitoe taarifa muhimu bila kungoja kuulizwa. Uingereza imelegeza kwa mtu wa kawaida tangu sheria ya mwaka 2012: sasa kazi yake ni kutokupotosha, hasa anapojibu anachoulizwa. Si kila nchi imelegeza. Jaza fomu ya bima kama mtu anayekula kiapo.

Alificha kasoro kwa makusudi, lakini sikuwahi kuangalia. Itanisaidia?

Soma kisa cha mzinga. Katika Horsfall dhidi ya Thomas, 1862, mzinga wa kivita ulikuwa na kasoro, na ilidaiwa kwamba kasoro hiyo ilizibwa ili isionekane. Mnunuzi aliupokea bila kuukagua. Ulipolipuka, akalalamika juu ya kufichwa. Akashindwa: hukuangalia kabisa, basi kile kilichofichwa hakikugusa uamuzi wako. Ungekuwa umeinama ukatazama, ukaona chuma kizima kwa sababu ya kizibo, mambo yangekuwa mengine.

Binafsi naona hukumu ile ni kali. Lakini inatukumbusha lile swali la kalamu. Uongo usiofika kichwani mwako haukukufanya kitu.

Nilipewa nafasi ya kuhakiki, nikaona uvivu. Nimejifunga mwenyewe?

Kwa kanuni ya Uingereza, hapana. Mwaka 1881, katika Redgrave dhidi ya Hurd, wakili mzee alikuwa akimtafuta mshirika ambaye pia angenunua nyumba yake. Alisema ofisi inaingiza kama pauni 300 kwa mwaka. Akaweka makaratasi mezani, ambayo yangeonyesha si zaidi ya pauni 200. Hurd hakuyapekua. Mahakama ikamkinga: aliyekuambia uongo hawezi kujitetea kwa kusema ulikuwa mjinga kumwamini.

Mambo mawili yanaweza kukunyima kinga hiyo. Ukiamua kutuma wataalamu wako wakachunguze, ukaegemea ripoti yao badala ya maneno ya muuzaji, kama ilivyokuwa katika Attwood dhidi ya Small, 1838, basi umejitegemea. Na katika nchi zilizoiga Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, Tanzania ikiwemo kupitia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 19 kina kizuizi: kama ungeweza kuugundua ukweli kwa umakini wa kawaida, mkataba uliotokana na upotoshaji usio wa hila, au na ukimya wa hila, hautenguliki. Hapo uvivu una gharama. Tazama kwanza uko chini ya sheria ipi kabla ya kujiliwaza kwa Redgrave.

Nilimshuku tangu mwanzo, nikasaini hivyohivyo. Nimepoteza?

Si lazima. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilishughulikia kampuni ya bima iliyoshuku kwamba mdai wa ajali anatia chumvi majeraha yake, lakini ikakubali kumlipa kwa maridhiano. Baadaye ushahidi ukajitokeza kwamba kweli alikuwa akidanganya. Maridhiano yakafutwa. Kushuku si kujua. Inatosha kwamba uongo ule ulikuwa na uzito katika uamuzi wa kusaini. Aliyejua kwa hakika ndiye asiye na pa kushika.

Kuna tofauti gani kati ya upotoshaji na kuvunja mkataba?

Kuvunja mkataba ni kukiuka kilichomo ndani yake. Upotoshaji ni uongo uliokuleta mpaka mlangoni. Lakini kauli moja inaweza kuwa vyote viwili, na huwa napenda kuzisoma kesi mbili za magari pamoja.

Oscar Chess, 1957: mtu wa kawaida alimuuzia mfanyabiashara wa magari gari aina ya Morris, akisema ni la 1948, kama kadi ya gari ilivyoandikwa. Lilikuwa la 1939. Mtu fulani huko nyuma aliichezea kadi. Kauli haikuwa sehemu ya mkataba, kwa sababu mwenye utaalamu alikuwa mnunuzi. Dick Bentley, 1965: mfanyabiashara wa magari alimwambia mteja kwamba Bentley ile imetembea maili 20,000 tu tangu ifungwe injini mpya. Ilikuwa imetembea karibu 100,000. Hapo kauli ikawa ahadi ya mkataba. Anayejua zaidi ndiye anayebebeshwa zaidi.

Mkataba wenyewe unakuwa batili?

Hapana, na tafadhali usiutendee kana kwamba haupo. Mkataba batili ni kama haukuzaliwa. Huu umezaliwa, uko hai, na utaendelea kuwa hai mpaka wewe uliyedanganywa useme umeutengua. Ukiutengua, kila mmoja anarudisha alichopokea na mnarudi mlipokuwa.

Kwa kawaida unatengua kwa kumwambia mwenzako. Lakini akikimbia? Mwaka 1960 bwana Caldwell aliuza gari lake aina ya Jaguar kwa tapeli, akalipwa kwa hundi, hundi ikadunda. Mara alipogundua, akaenda polisi na kwa chama cha wenye magari kuomba gari lisakwe. Baadaye tapeli akaliuza, likafika mikononi mwa watu wasiojua lolote. Mahakama ikaona Caldwell alishatengua kwa kufanya kila alichoweza kufanya, kwa hiyo tapeli hakuwa na umiliki wa kuhamisha. Angelala siku chache, gari lingekuwa la watu wengine kihalali.

Nini kinaweza kuniondolea haki ya kutengua?

Kitu cha kwanza ni wewe mwenyewe. Katika Long dhidi ya Lloyd, 1958, mtu alinunua lori lililosifiwa kuwa katika hali ya kipekee. Safari ya kwanza ya kazi, dainamo ikafa, mafuta yakavuja, gurudumu likaonekana lina ufa, na mafuta yalikwisha kwa kasi ya ajabu. Akampigia muuzaji. Muuzaji akajitolea kulipa nusu ya gharama ya dainamo, naye akakubali. Lori likatumwa safari nyingine ndefu, likafia njiani. Ndipo akataka kurudisha. Mahakama ikamwambia umechelewa: ulishajua kasoro, ukakubali nusu ya dainamo, ukalirudisha kazini. Umeliridhia. Huwa namhurumia mtu huyu, maana alichofanya ni kile ambacho sisi wengi tungefanya ili mambo yaishe kwa amani.

Cha pili ni muda. Mnunuzi mmoja alinunua mwaka 1944 picha ya Kanisa Kuu la Salisbury kwa pauni 85, akiambiwa ni kazi ya John Constable, mchoraji maarufu wa Uingereza. Alipotaka kuiuza miaka mitano baadaye, akaambiwa si ya Constable. Mwaka 1950, katika Leaf dhidi ya International Galleries, akanyimwa haki ya kutengua ingawa aligundua juzi tu. Pale ambapo kuna hila, saa huanza kuhesabu mtu anapogundua, lakini hapa hila haikudaiwa.

Vilevile kama kitu hakirudishiki, kimeliwa, kimechanganywa na vingine, au kimeshafika kwa mnunuzi wa tatu aliyenunua kwa nia njema, kutengua kumekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Kinachobaki ni fidia.

Fidia yenyewe inapimwaje?

Hapa aina ya madai ina maana kubwa kuliko watu wanavyotarajia. Sema umenunua kitu kwa 100. Kingekuwa kama ulivyoambiwa, kingefaa 120. Kweli yake ni 70. Ukidai kwa kuvunjwa kwa mkataba, unalipwa kufikishwa ulipoahidiwa: 120 toa 70, yaani 50. Ukidai kwa upotoshaji, unarudishwa ulipokuwa kabla hujadanganywa: 100 toa 70, yaani 30, ukijumlisha hasara nyingine zilizofuata.

Hizo "hasara nyingine" zaweza kuwa kubwa. Katika kesi ya hila, mdanganyifu hubeba hasara zote zilizotokana moja kwa moja na uongo wake, hata zile ambazo hakuna angezitarajia. Ndivyo ilivyoamuliwa katika Doyle dhidi ya Olby, 1969. Na katika East dhidi ya Maurer, 1991, mwenye saluni mbili aliuza moja akisema hana mpango wa kuendelea kufanya kazi kwenye ile iliyobaki, ila kwa dharura. Akaendelea, na wateja wakamfuata. Wanunuzi walilipwa pia faida ambayo wangeipata kama wangenunua saluni nyingine ya aina hiyo. Mwaka huohuo, kesi ya Royscot ilisema kipimo hicho cha hila kinatumika hata kwa uzembe chini ya Sheria ya 1967. Hukumu hiyo imekosolewa sana, na nadhani wakosoaji wana haki: aliyekosea kusoma karatasi haistahili apimwe kwa kijiti kimoja na tapeli.

Maneno yalitoka kwa dalali, si kwa mwenye mali.

Dalali akisema ndani ya kazi aliyotumwa, kauli yake ni ya aliyemtuma. Mwenye mali hawezi kula faida ya mauzo kisha aukane mdomo uliouza.

Mkataba una kifungu kinachosema sikutegemea kauli yoyote nje ya maandishi. Nimefungwa?

Usikate tamaa, wala usikipuuze. Hakuna kifungu kinachomkinga mtu dhidi ya hila yake mwenyewe. Hilo liliwekwa wazi katika S Pearson dhidi ya Shirika la Dublin, 1907. Kwa upotoshaji mwingine, Uingereza inataka kifungu cha kuondoa wajibu kiwe cha haki kwa hali ilivyokuwa, na anayekitumia ndiye anayethibitisha. Kati ya kampuni mbili zenye mawakili, mara nyingi hupita. Kati ya kampuni na mtu aliyepewa fomu asaini dirishani, mara nyingi huzama.

Nje ya mfumo wa Uingereza ikoje?

Majina hubadilika. Ufaransa huhesabu hata kuficha kwa makusudi jambo unalojua lingemwamua mwenzako kuwa udanganyifu, na Kanuni yao ya Kiraia inasema hivyo waziwazi tangu mageuzi ya 2016. Ujerumani humpa aliyedanganywa kwa hila mwaka mmoja tangu agundue ili atengue. Mwaka mmoja ni mfupi kuliko unavyosikika.

Nimegundua leo. Nianzie wapi?

Acha kukitumia. Hili linakuja kabla ya wakili, kwa sababu ya yule bwana wa lori.

Kisha andika, leo hiihii, ukiwa bado unakumbuka: nani alisema, maneno gani, wapi, mbele ya nani, na wewe ukafanya nini baada ya kusikia. Jumbe za simu usizifute hata zile zinazokuaibisha. Tangazo la mtandaoni lipige picha kabla halijaondolewa.

Halafu mpelekee barua fupi. Haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Kitu kama hiki kinatosha: "Tarehe 4 uliniambia gari halijawahi kugonga. Leo fundi amenionyesha chesisi imechomelewa sehemu mbili. Kwa maneno yako yale ndiyo nilinunua. Natengua mauzo. Gari lipo nyumbani kwangu, njoo ulichukue na unirudishie fedha yangu yote." Angalia ina nini: kauli, uongo wake, jinsi ilivyokufanya ununue, na uamuzi. Haina matusi, wala haina "tuzungumze tuone", maana sentensi hiyo ndiyo itakayosomwa siku moja kama kuridhia.

Akikujibu kwamba yuko tayari kuchangia nusu ya gharama za fundi, usipokee kabla hujaongea na wakili. Na hata kama huna usafiri mwingine kesho asubuhi, gari liache pale lilipo.